Kalenda Mbili za Chakula: Maana ya Kula kwa Msimu Mkoani Dodoma

Ushauri wa kula vyakula vya msimu vinavyolimwa jirani hutolewa siku hizi kila mahali, kuanzia kliniki za mama na mtoto hadi vipindi vya redio, na kwa sehemu kubwa ni ushauri mzuri. Chakula cha msimu huwa na bei nafuu, na mboga iliyochumwa asubuhi huwa na virutubishi vingi kuliko ile iliyokaa siku nne kwenye gari na juu ya meza ya soko. Hata hivyo, ushauri huo ukiletwa Dodoma bila kufafanuliwa unamwacha msikilizaji njia panda. Mkoa huu hupata mvua mara moja tu kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa maeneo mengi ni kati ya milimita 500 na 700. Baada ya hapo hufuata miezi takriban saba ya upepo, vumbi na ardhi kavu. Mtu anayeambiwa mwezi wa Septemba ale kinachoota karibu yake ana haki ya kuuliza ni kipi hicho.

Mkanganyiko huo unatokana na jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Katika ukanda huu wa kati, chakula kina kalenda mbili, moja ya mboga na nyingine ya nafaka, na kalenda hizo hupishana. Mboga hujaa shambani kati ya Januari na Aprili, wakati ghala limebaki na makapi ya mwaka jana. Nafaka hujaa ghalani kuanzia Mei na Juni, wakati mboga za shambani zimekwisha kukauka. Kwa hiyo kupika kwa msimu hapa maana yake ni kuuvusha msimu mmoja hadi mwingine, ili mboga ya Februari iikute nafaka ya Juni kwenye sahani moja mwezi wa Oktoba. Jiko la Wagogo limefanya kazi hiyo kwa vizazi vingi, na mengi yanayodharauliwa leo kama mazoea ya umaskini ni majibu yaliyofikiriwa vizuri ya tatizo hili.

Miezi ya kijani na ghala tupu

Tuanze na miezi ya mvua, kwa sababu ndiyo inayodanganya macho. Mgeni anayepita barabara ya kwenda Kongwa au Bahi mwezi wa Februari huona kijani pande zote na kudhani kuwa ni wakati wa shibe. Kwa kaya nyingi za wakulima, huo ndio wakati mgumu kuliko yote: akiba ya nafaka imekwisha au inakaribia kwisha, bei sokoni imepanda, na wakati huohuo kazi ya palizi inataka nguvu nyingi. Kinachookoa ni mboga. Mlenda wa aina mbalimbali huota wenyewe shambani mara mvua zinapotulia, majani ya kunde huchumwa yakiwa machanga, majani ya maboga hufuata, na mibuyu iliyokuwa mitupu kiangazi chote huchipua majani laini ambayo nayo ni mboga. Kufikia Machi na Aprili huongezeka maboga yenyewe, matango, matikiti na mahindi mabichi.

Mpishi wa miezi hii ana mboga nyingi na wanga kidogo, na anapaswa kupika kwa kufuata hali hiyo, bila kung'ang'ania ugali mkubwa wenye kitoweo kidogo pembeni. Boga lililochemshwa na kupondwa na karanga ni mlo kamili wa asubuhi, na kande zenye kunde au choroko nyingi kuliko punje za mahindi hushibisha kwa nafaka chache. Choroko hasa inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, kwa kuwa hukomaa kwa muda mfupi, takriban miezi miwili hadi miwili na nusu, na hivyo huweza kufika jikoni kabla ya mtama na uwele kuiva. Jambo la kuzingatia ni mafuta. Majani ya kijani na boga la njano vina viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, lakini viini hivyo hufyonzwa vizuri pale tu mlo unapokuwa na mafuta kidogo. Kijiko cha karanga zilizopondwa, ufuta au mafuta ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida huzalisha kwa wingi, kinatosha kabisa. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi peke yake humpa mlaji sehemu ndogo tu ya kile alichokichuma.

Kuvusha mboga

Mboga za Februari haziwezi kuliwa zote Februari, na hapa ndipo ustadi ulipo. Kwa kawaida majani ya kunde huchambuliwa, huoshwa, huchemshwa kidogo, huchujwa, kisha huanikwa. Majani ya mlenda huanikwa mabichi, kwa sababu yakichemshwa kwanza ute wake hupotelea majini, kisha hufikichwa au kutwangwa kuwa unga wa kijani uliokolea. Katika masoko ya Dodoma unga huo hupatikana mwaka mzima na hupimwa kwa kikombe au kopo.

Kuchemsha kidogo kabla ya kuanika kuna sababu ya kisayansi. Ndani ya jani kuna vimeng'enya vinavyoendelea kuharibu rangi, ladha na vitamini hata baada ya jani kuchumwa. Dakika mbili au tatu ndani ya maji yanayochemka huvizima. Dakika kumi na tano, kwa upande mwingine, huvizima vimeng'enya na kuzichukua vitamini pia. Adui mwingine ni jua lenyewe. Mboga iliyotandazwa juu ya mwamba katika jua kali hukauka haraka, lakini mwanga huo huharibu viini vya vitamini A, na dalili yake ni jani kupauka na kuwa kama nyasi. Mboga iliyoanikwa juu ya kichanja, kivulini, mahali penye upepo, na kutandazwa kwa tabaka jembamba, hukauka vizuri bila kupoteza ukijani wake. Dodoma ina bahati kwamba mvua zikikatika hewa huwa kavu na upepo ni mwingi, kwa hiyo kivuli hakicheleweshi sana. Vitamini C kwa kiasi kikubwa hupotea hata mboga ikianikwa vizuri namna gani, na hilo tutalirudia, kwa sababu lina dawa yake. Chuma, kalsiamu, nyuzinyuzi na protini hubaki.

Upishi wa mlenda mkavu unaharibiwa na wengi kwa kosa la mpangilio. Karanga zilizosagwa zinahitaji kuchemka kwa muda wa kutosha ili ladha ya ubichi iondoke na mafuta yake yajitokeze juu; mlenda unahitaji dakika chache tu. Vikiwekwa pamoja, ama karanga hubaki mbichi ama mlenda hupikwa hadi ute wake unalegea na rangi inageuka kuwa ya udongo. Kwa hiyo karanga hutangulia: zikorogwe kwanza kwenye maji ya baridi ili zisifanye mabonge, zichemke pamoja na nyanya na kitunguu kwa moto mdogo kwa takriban dakika kumi na tano, huku zikikorogwa zisishike chini. Ndipo unga wa mlenda unyunyizwe kidogo kidogo kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukikoroga bila kusimama. Chumvi huja mwisho. Wapo wanaotia magadi ili mlenda uvute zaidi na ulainike haraka. Magadi yana sodiamu, jambo linalomhusu mwenye shinikizo la damu, na pia huharibu baadhi ya vitamini za kundi B. Mlenda mkavu uliosagwa vizuri hauyahitaji, na kwa maoni yangu ladha yake ni safi zaidi bila hayo.

Kwa nini uwele na mtama

Upande wa nafaka, suala linalozua utata ni hili: kwa nini watu wa mkoa wenye mvua chache wahimizwe kula uwele na mtama wakati mahindi yanapatikana dukani? Sehemu ya jibu ni ya shambani. Mtama ukikosa mvua katikati ya msimu huweza kusimamisha ukuaji wake na kuendelea mvua inaporudi, na uwele huvumilia joto na ukame kuliko nafaka nyingi zinazolimwa nchini, ilhali mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele hayana cha kuyaokoa. Historia ya mkoa huu imefundisha jambo hilo kwa gharama kubwa. Katika masimulizi ya Ugogo, njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, mifugo na nguvu kazi, kisha ukame ukafuata, bado ni kipimo cha kila njaa nyingine. Miongo mitatu baadaye, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifika Kongwa na matrekta ili ilime karanga kwa eneo kubwa. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja vifaa, mvua hazikutosha, na mwaka 1951 mpango huo ukaachwa. Karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Wakulima wadogo wa mkoa huu wanaendelea kuzilima hadi leo.

Sehemu nyingine ya jibu ni ya mwilini. Uwele una chuma zaidi ya mara mbili ya mahindi, una protini nyingi kuliko mahindi, na husagwa mara nyingi pamoja na ganda na kiini chake, tofauti na sembe, ambayo hukobolewa na hivyo kuacha mashineni sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, madini na vitamini za kundi B. Familia isiyopenda uwele inaweza kupata nafuu kubwa kwa kuhamia tu kwenye dona. Lakini lazima tuseme ukweli wote: kuwa na chuma kwenye punje si sawa na kuwa nacho kwenye damu. Nafaka na mikunde zina viambata viitwavyo fiteti vinavyolishika chuma na zinki visifyonzwe, na mtama wa rangi nyekundu au kahawia una tanini ambazo hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mtu anaweza kula nafaka yenye chuma kingi kila siku na bado akapungukiwa damu.

Njia za kulitatua hilo ziko jikoni tayari. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha nafaka hupunguza fiteti, na kila anayetengeneza togwa hufanya mambo hayo hata kama hajawahi kusikia jina la kiambata hicho. Kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kina faida ya ziada kwa watoto. Kijiko kimoja cha unga wa kimea kikitiwa kwenye uji mzito ulioanza kupoa huufanya uwe mwepesi baada ya dakika chache, kwa sababu vimeng'enya vya kimea huvunja wanga. Uji huo huo, ambao mtoto asingeweza kuumeza, sasa unanyweka bila kuongezewa maji, na tumbo lake dogo hupata chakula kingi zaidi. Uchemshwe tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Kwa nchi ambayo utafiti wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, maarifa haya hayapaswi kuachwa yapotee. Tahadhari moja ni muhimu: mtama unapoota, mizizi na machipukizi yake huwa na kiambata kinachotoa sumu ya sianidi, kwa hiyo baada ya kukaushwa lazima visuguliwe, vipepetwe na kutupwa kabla ya kusaga. Kwa uji wa watoto, kimea cha uwele au ulezi ndicho kinachofaa zaidi.

Njia ya pili ni vitamini C, ambayo husaidia chuma cha mimea kufyonzwa mlo ukiwa mmoja. Tumeona kuwa mboga ikianikwa hupoteza vitamini hiyo, lakini kiangazi hicho hicho kinachotulazimisha kula mboga kavu ndicho msimu wa ubuyu na ukwaju. Ubuyu una vitamini C nyingi sana, mara kadhaa ya ile ya chungwa kwa uzito ule ule, na mti wake huangusha matunda wakati bustani zimekauka. Kwa kuwa vitamini C huharibiwa na joto, unga wa ubuyu ukorogwe kwenye uji uliokwisha kuepuliwa na kupoa kiasi, au unywewe kama maji ya ubuyu pamoja na chakula. Ninazungumzia unga mweupe unaotoka moja kwa moja kwenye buyu. Ubuyu mwekundu wa pakiti umepikwa kwa sukari na rangi, na ni peremende. Ukwaju hautoi vitamini C nyingi kiasi hicho, ingawa uchachu wake hukolea vizuri kwenye choroko na kunde. Chai ya rangi, kwa upande wake, huzuia chuma, kwa hiyo isogezwe mbali na mlo kwa saa moja au mbili. Zabibu, fahari ya Hombolo na Makutupora, huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwenye Februari na Machi na tena kwenye Agosti na Septemba. Ni tunda zuri la kumpa mtoto badala ya biskuti, ingawa kwa ubuyu haifiki.

Kuhusu protini, maelezo ni mafupi. Nafaka hupungukiwa na asidi moja ya amino ambayo mikunde inayo kwa wingi, na mikunde hupungukiwa na nyingine ambayo nafaka na ufuta zinayo. Ugali wa mtama kwa kunde, au kande zenye mbaazi, huujenga mwili vizuri hata siku ambazo hakuna nyama ya mnada wa Msalato wala samaki wa Mtera.

Akiba iliyo salama

Kula kwa kutegemea akiba kuna hatari yake, na makala yoyote inayosifu vyakula vya asili bila kuitaja haimtendei haki msomaji. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara ulisababisha wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Chanzo kilikuwa hasa mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa na kaya zenyewe. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizodhoofishwa na ukame, kuliwa na wadudu au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika, wala kukaanga, wala kusaga. Kwa kiwango kidogo kinacholiwa kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini.

Kinga iko kabla ya chungu. Mazao yaanikwe juu ya turubai, yasigusane na udongo. Mahindi yahifadhiwe unyevu ukiwa umeshuka hadi asilimia 13 au chini yake, na mkulima asiye na kifaa cha kupimia anaweza kutumia chumvi: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kidogo na punje kiasi cha robo ya chupa, itikiswe kwa dakika kadhaa, kisha iachwe itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, nafaka bado ni mbichi na irudi juani. Karanga zichambuliwe moja moja, na zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe kabisa. Hapa kuna desturi inayoniumiza, ya kuuza karanga nzuri na kuzisaga zile mbovu kwa ajili ya mboga ya nyumbani au uji wa mtoto. Uchumi wa namna hiyo huishia hospitalini. Mtama na uwele hushambuliwa kidogo kuliko mahindi na karanga, lakini navyo vinahitaji ukavu uleule.

Akiba ya mtu wa mjini

Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 idadi ya watu mkoani Dodoma iliongezeka kutoka takriban milioni 2.1 hadi milioni 3.1, na wengi waliohamia jijini baada ya serikali kuhamia hapa walikuja na mazoea ya sembe, wali na mboga za kununua kila siku. Mpangaji wa Nkuhungu au Chang'ombe hana shamba wala ghala, na anaweza kudhani kuwa haya yote ni ya kijijini. Ukweli ni kwamba yeye ndiye anayelipa gharama kubwa zaidi ya kupishana kwa kalenda hizi mbili, kwa sababu hununua kila kitu wakati kimeadimika: nafaka Januari, mboga Oktoba. Akigeuza mpangilio huo, mboga za kukausha zinunuliwe Machi, karanga mpya baada ya mavuno ya Aprili na Mei, nafaka na mikunde kuanzia Juni hadi Agosti wakati magunia yanapomiminika soko la Kibaigwa na masoko ya jijini, na ubuyu katikati ya kiangazi.

Nishati nayo ni sehemu ya hesabu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na familia nyingi zinazohamia kwenye gesi hugundua kuwa maharage na kande ndivyo vinavyomaliza mtungi. Mikunde ilowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, ichemshwe mara moja kwa siku mbili au tatu, na ile ya kesho ihifadhiwe mahali pa baridi na ichemshwe tena vizuri kabla ya kuliwa. Choroko huiva haraka kuliko maharage, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipendelea.

Kuhusu mahali pa kuweka akiba, ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana huchukua takriban kilo 15 za nafaka, na ikijazwa hadi juu na kufungwa barabara wadudu hukosa hewa, kwa kanuni ileile ya mifuko ya kinga njaa, ambayo haipitishi hewa. Ndoo tatu hukaa chini ya kitanda kimoja. Nafaka iwekwe ikiwa punje, hasa uwele, kwa kuwa una mafuta mengi kuliko nafaka nyingi na unga wake huanza kuchachuka na kuwa mchungu baada ya siku chache za joto; wengi wanaosema kuwa ugali wa uwele ni mchungu walionja unga uliokaa. Ifunguliwe ndoo moja kwa wakati mmoja, zitolewe punje za wiki moja tu zikasagwe, na mfuniko urudishwe papo hapo.